Kipimo Kilichopita Bila Kupingwa

Jamhuri ya Nafuu haimo kwenye ramani yoyote, na nchi zinazopakana nayo zimeomba ibaki hivyo hivyo. Msomaji atakayedhani anaitambua basi amechoka tu, akanywe maji alale. Mji wake mkuu unaitwa Afadhali. Wimbo wake wa taifa hauna maneno, ili asikwazwe mtu. Watu wake ni wapole, wanasalimiana vizuri, na wana mapenzi makubwa na uchaguzi.

Viongozi wenyewe hawachaguliwi sana, maana huwa wamekwisha kupatikana. Lakini vitu vingine vyote hupigiwa kura: rangi ya milango ya shule, ndege wa taifa, siku ya kuanza masika. Mwaka mmoja wananchi walichagua masika yaanze mwezi wa pili, na mvua zilipochelewa zikaandikiwa barua ya onyo. Kila mgombea, awe mtu, ndege au mvua, sharti apate wadhamini, ahojiwe maadili, na asubiri kama atawekewa pingamizi. Heshima ya juu kabisa huko si kushinda. Kushinda kunaonyesha kwamba wapo waliokukataa. Heshima ni kupita bila kupingwa.

Sasa, katika nchi hiyo njema, akina mama walikuwa wakijifungua salama, halafu wakitokwa damu, na wengine wakifa. Jambo hilo halikuwa siri. Ila haikuwa adabu kulizungumza wakati wa kula, na viongozi wa Nafuu hula mara nyingi.

*

Daktari Sikudhani Mbwilo alilizungumza hata wakati wa kula, ndiyo maana hakualikwa sana. Alikuwa daktari wa wazazi katika Hospitali ya Wilaya ya Mitambani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, na miwani ambayo kila mara alikuwa akiitafuta ilhali ameipandisha kichwani. Katika wodi yake kila mama aliyejifungua alichomwa sindano ya kukaza kizazi ili damu isimwagike ovyo. Sindano hiyo hutaka kukaa kwenye friji, na friji la Mitambani lilifanya kazi siku lilipojisikia.

Kwa hiyo Wizara ya Afya na Furaha ilipotangaza kuna sindano mpya, jina lake Tulizo, inayoweza kukaa rafuni kwenye joto bila kuharibika, hakuna aliyefurahi kumshinda Sikudhani. Alicheka peke yake ofisini. Aliwaambia wakunga wake kwamba wakipata kitu kama hicho watalala usingizi. Kisha akaongeza: kama inafanya kazi. Hilo "kama" ndilo lililomponza.

Maana Wizara ilikuwa imekwisha kuinunua Tulizo, ikajaza maghala mawili, na picha ya Mheshimiwa Waziri ikabandikwa kwenye kila katoni. Wafadhili ndio waliong'ang'ania ijaribiwe kwanza: nusu ya akina mama wapewe sindano ya zamani, nusu wapewe mpya, halafu walinganishwe. Walinganishwe kwa kitu gani? Hapo Wananafuu walisisimka, maana swali la namna hiyo lina uchaguzi ndani yake. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi wa Vipimo.

Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Mkwizu, bingwa wa magonjwa ya kucha, mtu mstaarabu asiyewahi kumkatiza mtu kauli kwa kuwa huwa hamsikilizi. Mwakilishi wa Akina Mama alikuwa Brigedia mstaafu Pazi, aliyeteuliwa kwa sababu ana watoto kumi na mmoja na hakukosa sherehe ya hata mmoja wao. Wafadhili wakaomba awemo walau mjumbe mmoja aliyewahi kuona mtu akijifungua, na ndipo Sikudhani akaitwa Afadhali.

Alikwenda na wagombea watatu, akiwa amejaa matumaini, jambo linaloonyesha kwamba alikuwa hajakaa kwenye kikao muda mrefu. Wa kwanza alikuwa Kifo: ni akina mama wangapi wamekufa kwa kila sindano. Wa pili alikuwa Kizazi: ni wangapi ilibidi watolewe kizazi ili wapone. Wa tatu, aliyempenda kuliko wote, alikuwa Damu mwenyewe, apimwe kwa mfuko wenye mistari unaowekwa chini ya mama ili kila tone lionekane ni la kiasi gani. Maana katika Nafuu damu hukadiriwa kwa macho, na macho yenyewe ni ya mkubwa aliyepo chumbani. Mkubwa hutazama shuka, hutazama saa yake, kisha husema ni ya wastani. Miaka yote aliyokaa Mitambani, Sikudhani hakuwahi kuona taarifa ya mama aliyetokwa damu zaidi ya wastani, hata waliozikwa.

*

Kikao cha kuhoji wagombea kilifunguliwa kwa hotuba ya kuushukuru ukumbi. Kisha akaitwa Kifo.

"Ana wadhamini?" Profesa Mkwizu akauliza.

"Nimemdhamini mimi," Sikudhani akajibu.

"Maadili yake yakoje?"

"Profesa, huyu ni Kifo."

"Ndiyo maana nauliza, daktari. Kanuni inataka mgombea anayeleta umoja. Huyu kila alikopita ameacha watu wanalia. Tutamsimamishaje mbele ya mgeni rasmi?"

Brigedia Pazi akaomba kusema kwa niaba ya akina mama. Akasema akina mama anaowajua yeye hawapendi kabisa kufa, hasa mke wake, na si uungwana kuwakumbusha. Wajumbe wakaguna kwa kukubali. Kifo akaenguliwa.

Kizazi alishauriwa ajitoe kwa hiari yake, kwa kuwa jina lake lisingeweza kutamkwa mbele ya viongozi wa dini. Alijitoa wakati Sikudhani akipapasa meza kutafuta miwani, na alipoipata kichwani, barua ya kujitoa ilikuwa imekwisha kusomwa na kupokelewa kwa masikitiko.

Akabaki Damu. Sikudhani alisimama kabisa, akaeleza polepole kama anayemwelekeza mgeni njia. Wajumbe walisikiliza kwa heshima. Kisha yakaja mapingamizi mawili. La kwanza lilihusu rangi: Damu ni mwekundu, na wekundu katika Nafuu ni wa chama cha upinzani. La pili lilikuwa la kitaalamu. Mifuko yenye mistari ilikuwa bandarini, na watu wa forodha wamekataa kuitoa mpaka waelezwe kile kitakachojazwa humo ni bidhaa ya aina gani na kitalipiwa ushuru na nani.

"Wenzangu," Sikudhani akasema, na sauti yake ilianza kupanda bila yeye kutaka, "dawa hii kazi yake ni kupunguza damu. Tusipoipima damu, tutajuaje imepungua?"

"Daktari, tusitangulize majibu," Profesa akamwambia kwa upole. "Jaribio lenyewe halijaanza."

Sikudhani aliketi. Brigedia alikuwa anamtazama kwa huruma kama mtu aliyefiwa na mgombea.

Wagombea wengine walitoka Wizarani, nao walikuwa na adabu zao. Alikuwepo Tabasamu la Mama, alikuwepo Weupe wa Shuka, na alikuwepo Muda wa Kukaa Hospitalini. Mchumi wa Wizara alimsifu sana huyu wa mwisho. Mama aliyepona, akasema, huondoka mapema. Mama mgonjwa huchelewa. Basi dawa ambayo mama zake wanaondoka mapema ndiyo dawa bora, na vitanda vya umma vinapumzika. Hakuna aliyeona kasoro. Tabasamu akajitoa kumuunga mkono baada ya kuahidiwa nafasi kwenye kampeni ya chanjo, Shuka akafuata, na saa sita mchana Muda wa Kukaa Hospitalini akatangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Watu walikumbatiana. Brigedia alitoa leso, akajifuta macho, akasema leo akina mama wametendewa haki.

"Na aliyekufa tutamhesabu wapi?" Sikudhani akauliza katikati ya makofi.

Profesa akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyeombwa kitu baada ya duka kufungwa. Akaagiza swali hilo liingizwe katika mengineyo. Mengineyo, huko Nafuu, hujadiliwa baada ya chakula cha mchana, na baada ya chakula cha mchana akidi huwa haitimii. Sikudhani alirudi ukumbini akakaa peke yake na swali lake, mpaka wafagizi walipokuja kupanga viti na kumwomba anyanyue miguu.

*

Jaribio likaanza. Mitambani nayo ikawemo.

Asumini, mke wa Mahundi fundi baiskeli, alifika asubuhi kwa miguu yake, akicheka kwamba mumewe amembebea mfuko mkubwa kana kwamba wanahama. Alijifungua mtoto wa kike bila taabu. Bahati nasibu ya jaribio ikampangia Tulizo, akachomwa, akafunikwa, akaambiwa hongera. Punde mkunga akamwita Sikudhani kwa sauti ambayo wakunga huitumia wakiwa hawataki mama asikie.

Damu ilikuwa imekwisha kupita godoro. Sikudhani alifanya kila alichofundishwa. Walimsugua tumbo, wakamfungulia maji ya mishipa mikono yote miwili, wakamchoma na ile sindano ya zamani iliyotoka kwenye friji lenye joto kuliko meza. Aliagiza damu ya kuongezewa iletwe haraka kutoka hospitali ya mkoa. Gari la wagonjwa halikuwepo, lilikuwa limebeba mahema ya mazoezi ya sherehe ya matokeo, maana katika Nafuu sherehe hutangulia ili matokeo yajue pa kwenda. Sikudhani akakandamiza kizazi kwa mikono yake mwenyewe mpaka mabega yakafa ganzi. Asumini aliomba maji. Kisha akauliza kama mtoto amelia, akaambiwa amelia sana. Hakuuliza kitu kingine.

Jioni alikuja Afisa Vipimo, Bi. Rozina, mama mtu mzima mwenye moyo mzuri. Alimpa Sikudhani pole ya dhati, akamshika mkono, kisha akauliza marehemu aliondoka hospitalini saa ngapi.

"Hakuondoka. Amefariki."

"Naelewa, daktari. Ila mwili umechukuliwa na ndugu, si ndiyo? Ulitoka saa ngapi?"

Sikudhani akamtajia. Bi. Rozina akapiga hesabu, akasita, akapiga tena. Tangu kujifungua mpaka kutoka, saa tatu. Alijitahidi kuuzuia uso wake usichangamke, lakini ulimshinda: hakuna mama mwingine wilaya nzima aliyewahi kuondoka mapema kiasi hicho.

"Andika basi kwamba ametoka akiwa maiti," Sikudhani akasema.

"Kipimo ni muda tu, daktari. Ningeandika, lakini kipimo ni muda tu."

Alipobaki peke yake Sikudhani alitaka kulia, na hasira ikamzibia hata hilo. Aliona sasa kitu ambacho ukumbi mzima wa wasomi haukukiona, au ulikiona ukaona kinapendeza: kila mama aliyekufa aliifanya Tulizo ing'are. Waliopona walikaa siku moja, siku mbili, wakaharibu wastani. Waliotokwa damu wakaokolewa kwa taabu walikaa wiki, hao ndio walioonekana kuwa hasara. Wafu ndio waliokuwa wakiibeba dawa.

Na kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba hakuichukia hiyo dawa. Pengine Tulizo ilishindwa. Pengine Tulizo ilifanya kazi yake vizuri, na kilichomuua Asumini ni gari lililobeba mahema. Jaribio zima liliundwa ili hilo lijulikane, na sasa halitajulikana kamwe, na kesho asubuhi mama mwingine atapanda kitanda kile kile na daktari hana la kumwambia.

Alimpigia simu Profesa Mkwizu, aliyemwambia kwamba rufaa husikilizwa baada ya matokeo kutangazwa, ili zisiyavuruge. Akampigia Brigedia Pazi. Brigedia akamhakikishia kuwa amezungumza na akina mama nyumbani kwake, na wote wameridhika.

*

Matokeo yalitangazwa Afadhali, chini ya yale mahema. Sikudhani aliitwa kwa sababu Mitambani imeongoza nchi nzima, na kuna kombe. Alikwenda akiwa ameazimia kusema, hata kama ni kwa kupiga kelele.

Safu ya mbele alimkuta Mahundi. Alivaa shati lililopigwa pasi, na kifuani amempakata binti yake aliyelala. Wizara ilikuwa imezialika familia za akina mama walioondoka mapema zaidi. Mahundi akamwamkia, akasogea ampishe nafasi, akamweleza kwamba ameletwa na gari la serikali mpaka hapa, na kwamba tangu msibani hajapata mtu wa kumweleza kilichotokea.

"Nimesikia leo wanatoa majibu," akasema. "Nimekuja kusikia kilichomuua mke wangu, daktari."

Sikudhani akaketi kando yake. "Hata mimi," akasema.

Mheshimiwa Waziri akapanda jukwaani. Alizungumza kwa ufasaha mkubwa. Alikumbusha enzi za giza, ambapo mama alijifungua akang'ang'ania kitanda cha umma siku tatu, nne, akila, akizoea. "Leo," akasema, "kwa sindano ya Tulizo, mama anaingia asubuhi, mchana hayupo. Narudia, ndugu zangu. Hayupo." Makofi yalitikisa hema. Sikudhani aliinama akatazama viatu vyake.

Akaitwa kupokea kombe, na Mahundi akaitwa kutoa ushuhuda. Walipanda pamoja. Mshereheshaji akamsogezea Mahundi kipaza sauti, akamwomba alieleze taifa mkewe alikaa saa ngapi baada ya kujifungua.

"Saa tatu," Mahundi akasema.

Hema likalipuka. Watu walisimama, bendi ikapiga, Brigedia Pazi akaonekana akirusha kofia. Mahundi alitazama umati huo uliokuwa ukimshangilia, akamgeukia Sikudhani aliyesimama na kombe mikononi.

"Wanapiga makofi ya nini, daktari?"

"Wanafurahi kwamba alitoka mapema."

"Hawajui kwamba alitoka amekufa?"

"Hawakuuliza."

 Mahundi alimrekebisha mtoto kifuani, akasubiri bendi imalize, maana alilelewa vizuri, kisha akamwelekea Waziri. Akasema anashukuru kwa gari na kwa heshima yote hii. Ana ombi moja tu, kwamba jina la mke wake lisomwe ili watu wajue wanampigia nani.

Waziri akamtazama Profesa Mkwizu. Profesa akapekua karatasi zake kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi nyuma akapekua tena. Zilikuwa na saa, zilikuwa na wastani wa saa, na picha za mistari inayoshuka vizuri. Akanyanyua uso, akasema kwa upole wake ule ule kwamba majina hayakugombea.

Sikudhani akaliweka kombe chini sakafuni na kuchukua kipaza sauti.

"Anaitwa Asumini binti Kitwana," akasema. "Alitokwa damu akafia mikononi mwangu. Ilikuwa damu kiasi gani, hakuna anayejua humu ndani. Kama hii dawa ilimsaidia au haikumsaidia, hakuna anayejua. Na mimi niliyekuwepo sijui, kwa sababu tulikaa hapa Afadhali tukachagua tusijue."

Hema likawa kimya. Kwa muda mfupi ilionekana kama Jamhuri ya Nafuu inafikiri. Mshereheshaji, ambaye alifundishwa kila kitu isipokuwa kimya, akaangalia huku, akaangalia kule, akainama kwenye kipaza sauti cha akiba. "Makofi kwa daktari wetu," akasema, na watu wote, kwa unafuu mkubwa, wakapiga makofi.

Makofi yakamwamsha mtoto. Alilia kilio cha njaa, kidogo na cha kudai. Mahundi akashuka jukwaani, akaanza kupita safu kwa safu akiuliza kwa sauti ya chini kama kuna mama yeyote anayenyonyesha. Safu za mbele zilikuwa za viongozi, akaendelea kwenda nyuma.